Kutoka Dirisha la Maabara hadi Kitandani: Muuguzi na Damu Salama Mkoani Singida

Kila ifikapo tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, mkoa wetu wa Singida huungana na mikoa mingine kuwahimiza watu wajitolee damu. Matangazo husomwa makanisani na misikitini, wanafunzi wa vyuo hupanga foleni, na viongozi hupigwa picha wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Ni kazi njema, na damu bado haitoshi. Kwa kipimo kinachotajwa mara nyingi na Shirika la Afya Duniani, cha chupa 10 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, mkoa ambao Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu takribani milioni mbili unahitaji chupa zipatazo 20,000 kila mwaka. Hata hivyo, katika makala hii tunauacha kando mkono unaotoa damu, ambao umekwisha kusemewa mengi, na tunautazama mkono unaoitundika.

Mazungumzo yetu kuhusu damu aghalabu huishia kwenye benki ya damu. Chupa ikishapimwa na kuwekwa kwenye friji (tunaiita chupa hadi leo, ingawa kwa miaka mingi sasa ni mfuko wa plastiki), twahesabu kwamba kazi imekwisha. Kumbe sehemu ya hatari ya safari yake ndiyo fupi kuliko zote: zile hatua chache kutoka dirisha la maabara hadi kitandani kwa mgonjwa. Anayeisimamia safari hiyo ni muuguzi, mara nyingi akiwa peke yake, mara nyingi usiku. Kwa maoni yetu, maandalizi yake kwa kazi hiyo ndiyo sehemu iliyoachwa nyuma katika juhudi zote za damu salama.

Tukumbuke tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata hofu ya kuongezewa damu iliwaingia watu wengi, tena kwa haki. Wakati huo kila hospitali ilijitafutia damu yake yenyewe: ndugu waliitwa, wakatolewa damu, ikapimwa kwa vifaa vilivyokuwapo, kisha ikatundikwa. Mwaka 2004 serikali, kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa PEPFAR, iliunda Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye vituo vya kanda, watoaji wa hiari wasiolipwa, na upimaji wa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, pamoja na kaswende. Mafanikio ya mpango huo ni makubwa na hatuna nia ya kuyapunguza. Ila jina lake, pasipo mtu yeyote kukusudia, limetuzoesha kulisikia neno “salama” kwa maana moja tu: damu isiyo na maambukizi. Ukweli ni kwamba chupa iliyopimwa ikaonekana safi kabisa, iliyotolewa na kijana mwenye afya kuliko sisi sote, huweza kumwua mgonjwa ndani ya saa chache ikiwa haikuwa yake.

Aliyetufungua macho katika hilo ni Karl Landsteiner, tabibu wa Vienna, aliyeyaeleza makundi ya damu mwaka 1901 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930; siku yake ya kuzaliwa ndiyo tunayoiadhimisha kila Juni. Mtu wa kundi O hubeba katika damu yake kingamwili zinazoshambulia chembe za kundi A na za kundi B. Akiongezewa damu ya kundi A, chembe hizo hupasuka ndani ya mishipa, shinikizo la damu hushuka, figo hushindwa kazi, na damu yake mwenyewe hupoteza uwezo wa kuganda. Haihitajiki chupa nzima. Mililita 10 hadi 50 zaweza kuleta madhara makubwa, yaani kiasi kisichozidi kikombe kidogo cha kahawa.

Kosa la namna hii halitokani na kutojua makundi ya damu. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza anayajua. Hutokea pale ambapo damu sahihi, iliyopimwa na kulinganishwa vizuri, inatundikwa kwa mtu mwingine. Au pale ambapo sampuli iliyopelekwa maabara ilichukuliwa kwa mgonjwa mmoja ikaandikwa jina la mwingine. Ni kosa la utambulisho, na kuhusu utambulisho mkoa wetu una mambo yake ambayo mwongozo ulioandikwa mbali hauwezi kuyaona.

Huku kwetu mwanamke aliyekwisha kuzaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Katika wodi ya wazazi Mama Neema waweza kuwa watatu siku hiyo hiyo. Jina lililoandikwa katika kadi ya kliniki huenda ni la nyumbani, la kwenye faili huenda ni la ubatizo, na la bima huenda limeandikwa kwa herufi alizochagua karani. Majina kama Maria Juma au Hamisi Athumani yamejaa kila kijiji kuanzia Ilongero hadi Manyoni. Tena wapo wazee ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili: Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wabarabaigi, na Wahadzabe wa Mkalama. Mwulize bibi aliyelazwa, “Wewe ndiye Maria Juma?” naye ataitika “ndiyo, mwanangu” kwa heshima, hata kama hakukusikia, kwa sababu aliyevaa sare nyeupe hakatazwi. Kwa hiyo muuguzi aliyefundishwa vizuri hamtajii mgonjwa jina lake. Humwambia, “Shikamoo bibi, naomba unitajie majina yako mwenyewe,” kisha huuliza jina la baba, kisha kijiji, na ndipo anaposoma faili, fomu ya maabara na lebo ya chupa, neno kwa neno na namba kwa namba. Mwenzake husimama ng’ambo ya kitanda akisoma yale yale kwa sauti. Kwa mtoto mchanga au kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu, kipande cha plasta kilichofungwa mkononi, chenye jina na namba ya hospitali, kinafanya kazi ambayo hakuna mashine itakayoifanya vizuri zaidi mahali pasipo na mashine.

Hali kadhalika sampuli. Chupa ndogo ya maabara yapasa kuandikwa jina pale pale kitandani, baada ya damu kuingia, na mtu aliyeichukua. Mazoea ya kuandika majina mezani kabla ya kuzunguka wodini, ili kuokoa muda, ndiyo mlango mkubwa wa balaa. Na ni mazoea yanayofanywa na watu wachapakazi, si wavivu. Hilo ndilo linalofanya somo hili kuwa gumu. Mwalimu hapambani na uzembe. Anapambana na njia za mkato zilizobuniwa na watu waliochoka.

Baada ya utambulisho huja suala la saa. Damu nzima na chembe nyekundu hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 6. Zikitoka kwenye friji ya maabara, inatakiwa zianze kuingia kwa mgonjwa ndani ya dakika 30, na zimalizike ndani ya saa nne. Si sheria ya kuwasumbua watu. Bakteria wachache walioingia wakati wa kutoa damu hulala usingizi kwenye baridi na huamka kwenye joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika hospitali kubwa ya Mombasa kwa watoto walioongezewa damu, uliwakuta bakteria katika takribani chupa tisa kati ya kila mia. Sasa fikirini chupa iliyoletwa wodini saa nne usiku, ikaachwa juu ya meza kwa sababu kanula imeziba na daktari yuko chumba cha upasuaji, kisha ikatundikwa saa saba. Wapo wanaoihifadhi katika friji ya wodi, ile inayofunguliwa kila mara na ambayo haina kipimajoto cha kuaminika. Wapo pia, hasa katika majira yetu ya baridi na upepo ya Juni na Julai, wanaoipasha kwenye beseni la maji ya moto wakimhurumia mgonjwa asitetemeke. Maji hayo huzipasua chembe nyekundu kabla hazijamfikia, na kinachoingia mwilini si dawa tena.

Kuna na jambo la mrija. Damu hupita katika mrija wake maalumu wenye kichujio, na kiowevu pekee kinachoruhusiwa kukutana nayo ni maji ya chumvi. Maji ya sukari huharibu chembe. Ringa lakteti ina kalsiamu, nayo huweza kuigandisha damu njiani. Muuguzi anayelijua hilo kwa sababu, na si kwa kukariri, hatashawishika hata siku ile maji ya chumvi yatakapokuwa yamekwisha stoo na mtu akamwambia, “weka tu hayo yaliyopo.”

Hapo tunafika kwenye dakika 15 za kwanza, ambazo tungeomba zitajwe katika kila mafunzo hadi watu wachoke kuzisikia. Kabla ya kufungua mrija, muuguzi hupima joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na upumuaji, akaandika. Kisha huanza polepole na kubaki karibu. Dalili za kwanza za damu isiyopatana ni ndogo na huzungumza kwa sauti ya chini: baridi, maumivu ya mgongo au ya pale sindano ilipoingia, wasiwasi usioelezeka, joto linalopanda, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Mgonjwa aliye macho huweza kusema. Mtoto hasemi, aliyechomwa dawa ya usingizi hasemi, na mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huenda hana nguvu ya kusema. Dalili zikionekana, mrija wa damu hufungwa papo hapo, njia ya mshipa hulindwa kwa maji ya chumvi kwa mrija mpya, daktari huitwa, majina huhakikiwa upya, na chupa iliyobaki pamoja na sampuli mpya hurudishwa maabara. Hatua ya kwanza, ya kufunga, haihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Tumeona vema kulisema hili waziwazi, kwa maana katika utamaduni wetu wa kazi muuguzi kijana huogopa kusimamisha alichoagiza daktari.

Tuchukue wodi ya vitanda 30 yenye muuguzi mmoja wa usiku, jambo ambalo si geni. Wagonjwa wawili wameandikiwa damu kwa wakati mmoja. Dakika 15 za kwanza kwa kila mmoja ni nusu saa ambayo wagonjwa wengine 28 hawana mtu. Kisha vipimo vya nusu saa, kisha vya kila saa, kwa wote wawili, hadi saa nne zitimie. Kati ya hapo kuna dawa za saa sita usiku, kuna dripu zinazokwisha, kuna mgonjwa mpya aliyeletwa na bodaboda. Anayesema kwamba kinachokosekana ni mafunzo pekee hajawahi kulala wodini. Na anayesema kwamba mafunzo hayana maana hadi wauguzi waongezeke, naye tunamwomba atafakari: aliyefundishwa atajua walau kwamba damu mbili hazianzishwi kwa pamoja usiku pasipo dharura, na kwamba chupa ya mgonjwa asiyekuwa katika hatari ya papo hapo huweza kungoja asubuhi, ikiwa salama katika friji ya maabara. Maarifa ya namna hiyo hayagharimu mshahara wa ziada.

Kwa watoto jambo ni nyeti zaidi. Damu yao hupimwa kwa uzito wa mwili. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu huandikiwa, kwa mujibu wa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo, au mililita 10 za chembe nyekundu. Mtoto wa kilo 10, basi, ni mililita 200 za damu nzima, ilhali chupa ya kawaida huwa na takribani 450. Chupa nzima ikiachwa iingie, moyo mdogo huo hulemewa. Hata viwango hivyo vinaendelea kuchunguzwa: utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wasio na homa walinufaika zaidi kwa mililita 30 za damu nzima kwa kilo, lakini wenye homa walidhurika zaidi kwa kiasi hicho. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba mtoto ambaye upungufu wake si wa kupindukia na ambaye hana dalili za hatari huweza kusubiri akiangaliwa kwa makini, bila kuongezewa damu mara moja, na uwezekano wa kufa usiongezeke. Maana yake kwa muuguzi wa Singida ni kwamba kipimajoto na mizani vimekuwa sehemu ya uamuzi kuhusu damu. Asipopima, daktari naye anakisia.

Kwa nini tunayasema haya sasa? Kwa sababu mahali pa kuongezea damu pameongezeka. Zamani mgonjwa aliyehitaji damu katika mkoa huu alipelekwa katika hospitali chache: ya mkoa mjini Singida, Kiomboi, Iambi kwa ndugu zetu Walutheri, Makiungu, iliyoanzishwa na masista wamisionari kutoka Ireland katika miaka ya 1950, na Itigi, kando ya reli ya kati, ambako Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu walijenga Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Katika miaka ya karibuni serikali imejenga hospitali za wilaya na kuvipa vituo vingi vya afya vyumba vya upasuaji, ili mama mwenye uzazi pingamizi asisafirishwe usiku kucha. Usafiri wa dharura wa m-mama, kwa namba ya simu 115, umeongeza idadi ya wanaofika wakiwa hai. Matunda yake yanaonekana: kwa tafiti za kitaifa za afya, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Lakini chumba cha upasuaji bila damu ni nusu ya huduma, na friji ya damu ikifika kituoni kabla ya wauguzi kufundishwa, hatari nayo imehamia karibu na wananchi. Hospitali kongwe zina wazee wa kazi, wauguzi waliotundika mamia ya chupa, ambao mkono wao unajua. Kituo kipya kina vijana wawili au watatu waliotoka chuoni mwaka juzi.

Lipo basi swali la namna ya kuwafundisha, na hapa tutasema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Tumezoea semina. Hospitali hutakiwa kupeleka mtu mmoja au wawili, wanakaa ukumbini mjini siku mbili au tatu, wanaonyeshwa slaidi, wanapewa posho na cheti. Hatuidharau posho, mtu aliyeacha familia yake ana haki ya kula. Ila mwenye cheti anarudi, baada ya mwezi anahamishiwa kliniki ya nje, na wodi ya wazazi inabaki kama ilivyokuwa. Maarifa yamekaa katika faili la mtumishi badala ya kukaa wodini.

Tunaamini mafunzo ya jambo hili yanapaswa kufuata chupa yenyewe. Yafanyike wodini, katika zamu zote, hasa ya usiku. Mteknolojia wa maabara awepo pamoja na wauguzi, kwa kuwa makosa huweza kuzaliwa katika mgongano wa pande hizo mbili, kila moja ikidhani nyingine imehakiki. Chupa iliyokwisha muda wake na kuondolewa katika matumizi itundikwe juu ya kitanda kitupu, kisha wauguzi waigize: mmoja mgonjwa, mmoja mwulizaji, mmoja msomaji, na fomu iwe imekosewa makusudi herufi moja ya jina ili ionekane nani ataigundua. Saa moja inatosha, ikirudiwa baada ya miezi mitatu na tena baada ya sita. Atakayesimamia awe muuguzi mmoja mzoefu wa hospitali hiyo hiyo, aliyepewa muda rasmi wa kazi hiyo, si kuongezewa mzigo juu ya zamu zake. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linawataka wauguzi waendelee kujifunza ili wahuishe leseni zao. Saa hizo za wodini zihesabiwe humo, na watu watahudhuria bila kuitwa mara mbili. Itigi, ambako hospitali na chuo cha uuguzi viko pamoja, ni mahali pafaapo pa kuwaandaa wasimamizi hao kwa ajili ya hospitali nyingine za mkoa, za Kanisa na za serikali bila kubagua.

Kuna kizuizi ambacho hakuna semina itakayokiondoa, nacho ni woga. Mahali ambapo kosa likitajwa mtu hupewa barua ya onyo, au hutajwa katika mkutano wa hadhara mbele ya kiongozi aliyekuja na kamera, makosa hayapungui. Huacha tu kuandikwa. Mgonjwa aliyetetemeka usiku anaandikiwa “malaria”. Uingereza, nchi yenye mashine za kutosha, ilianzisha mwaka 1996 utaratibu wa kitaifa wa kukusanya taarifa za madhara ya kuongezewa damu, pamoja na za makosa yaliyogunduliwa kabla ya kudhuru. Kwa miaka yote tangu hapo taarifa hizo zimerudia kuonyesha kwamba makosa ya kibinadamu, na hasa ya utambulisho, ni chanzo kikubwa zaidi kuliko kasoro za damu yenyewe. Wameligundua kwa sababu watu wao waliruhusiwa kusema. Sisi tunaoifahamu sakramenti ya Kitubio tunajua kwamba mtu hukiri pale anapoamini kuwa hatapigwa mawe kwa kukiri. Hospitali inayotaka kujua nini hutokea katika wodi zake usiku haina budi kumshukuru muuguzi anayekuja asubuhi na kusema, “Jana nilikaribia kutundika chupa ya kitanda cha sita kwenye kitanda cha tisa.” Taarifa hiyo ina thamani kuliko ripoti ya robo mwaka. Uzembe wa makusudi ni habari nyingine, na sheria ipo. Tunachokataa ni kuviweka viwili hivyo katika kapu moja.

Na gharama? Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda misaada yake ya nje, na nchi nyingi zilizoegemea fedha hizo katika huduma za afya zilijikuta zikihesabu upya. Mpango wa damu wa nchi yetu ulizaliwa kwa fedha kama hizo. Wafadhili, tuseme kweli, hupenda kitu kinachopigwa picha: friji, gari, jengo lenye kibao. Ni vigumu kuweka kibao juu ya muuguzi aliyekaa dakika 15 kando ya kitanda. Kwa hiyo jukumu hili linarudi kwa halmashauri, na kwa hospitali zetu za kanisa pamoja na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii inayoziunganisha tangu mwaka 1992. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Kinachohitajika kuingizwa humo si kikubwa: siku za kazi za msimamizi mmoja katika kila hospitali, saa ya ukutani inayotembea katika kila wodi, vipimajoto, plasta za utambulisho, daftari la kuandikia kila chupa tangu ilipotoka maabara hadi ilipokwisha, na mafuta ya gari ili mwalimu afike Rungwa na Nduguti, asiishie mjini.

Limebaki jambo moja kwa ninyi wasomaji wetu, ambao siku moja mtakaa kando ya kitanda cha ndugu yenu anayeongezewa damu. Mna haki ya kuelezwa kwa nini anapewa na kuulizwa kama mmeridhia. Wapo wenzetu ambao imani yao haiwaruhusu kupokea damu, na muuguzi anapaswa kulisikia hilo kabla ya kuandaa mrija. Damu haiuzwi, anayewadai fedha kwa ajili yake anakosea. Muuguzi akiwauliza jina la mgonjwa kwa mara ya tatu, msiudhike wala msimjibu kwa mkato. Mkitumwa kuichukua chupa maabara, ombeni kwa upole mtumishi aende mwenyewe. Angalieni saa ilipoanza kuingia. Msiongeze kasi ya mrija kwa kudhani mnamsaidia, wala msiifunike chupa kwa blanketi. Na mgonjwa akianza kutetemeka, akilalamika mgongo, akikosa pumzi au akisema tu kwamba hajisikii vizuri, mwiteni muuguzi wakati ule ule, hata kama ni saa tisa usiku na hata kama ametoka hapo dakika tano zilizopita.